Mashine ya simu inasema karibu vijana wetu wote wana sonona. Tuiache?

Kwako mshauri, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya vijana. Watumishi ni wachache na vijana ni wengi, ndiyo maana tulikubali kuwekewa mfumo wa simu unaojiendesha. Mashine inampigia kijana wa miaka 13 hadi 18, sauti iliyorekodiwa inamuuliza maswali, naye anajibu kwa kubonyeza namba. Tuliweka maswali 9 ya PHQ-9 kuhusu sonona, kisha yale ya CRAFFT kuhusu pombe, bangi na dawa nyingine za kulevya. Simu nzima inachukua kama dakika 12, na mashine inapiga saa yoyote, mchana au usiku. Majibu yanaingia kwenye jedwali ambalo mimi hulifungua Jumatatu.

Sasa nimechanganyikiwa. Karibu kila kijana anatoka na alama za kutisha. Wa chini kabisa ana 9, na tumeambiwa mwenye 10 au zaidi aitwe kliniki. Nimewaita baadhi yao, nikakuta watoto wanalala vizuri, wanakula, wanasoma, hawana neno. Swali la 9, lile la mawazo ya kufa au kujiumiza, lilikuwa limewekewa kengele: kijana akijibu chochote kinachozidi sifuri, napata meseji. Nikawa napata meseji ya kila kijana bila kubakiza hata mmoja, mpaka fundi akaizima kengele.

Tena wengi wanaishia njiani, hasa swali la tatu au la nne, na hao hawaonekani kabisa kwenye jedwali. Wengine wanalalamika kwamba wamebonyeza mara moja tu, mashine ikaruka maswali mawili. Na juzi mama wa binti mmoja alipokea simu yeye mwenyewe, akasikiliza hadi mwisho, akaja kutuuliza kwa nini tunamwona mwanawe mvuta bangi.

Wenzangu wanataka turudi kwenye karatasi. Mimi naona wapo vijana wanaoiambia simu mambo ambayo hawajawahi kuniambia uso kwa uso. Nifanye nini?

Muuguzi wa vijana

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu muuguzi,

Kabla hujaendelea kusoma, fungua hilo jedwali, nenda kwenye safu ya swali la 9, utafute kila mstari wenye 2, 3 au 4. Hao wapigiwe leo, na wapigiwe na mtu. Wenye 1 waache kwanza. Sababu nitaieleza hapa chini, lakini kwa ulivyosimulia, kuna uwezekano mkubwa kwamba kati ya zile meseji zilizokuchosha zilikuwemo za kweli, na tangu kengele izimwe hakuna anayeziona. Ukimaliza hapo, mwambie fundi akutolee kumbukumbu za simu kutoka kwenye seva yenyewe. Mifumo mingi hutunza kila kitufe kilichobonyezwa hata simu ikikatika. Kama yupo aliyejibu swali la 9 kisha akakata, huenda atakuwa humo.

Sasa tuje kwenye hizo alama. Kila jibu la PHQ-9 lina thamani ya 0 hadi 3: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Maswali ni 9, kwa hiyo jumla haiwezi kuwa chini ya 0 wala kuzidi 27. Naamini mashine yako inasema "kama ni hapana kabisa, bonyeza 1", na kuendelea hadi 4. Fundi amejumlisha vitufe badala ya alama. Kijana asiye na shida yoyote akibonyeza 1 mara tisa anaandikiwa 9. Akikiri tu kwamba siku kadhaa usingizi ulimsumbua, anafika 10 na wewe unamwita kliniki. Ndiyo maana huna hata mmoja aliye chini ya 9, na ukiangalia upande wa juu usishangae kumkuta mwenye 28 au 30, alama ambazo PHQ-9 haina. Kengele nayo iliugua ugonjwa huohuo: "hapana kabisa" ilifika kwenye mfumo kama 1, na 1 imezidi sifuri.

Dawa yake ni nyepesi. Fundi aweke hatua moja kati ya kitufe na jedwali, inayotoa 1 kwenye kila jibu kabla ya kujumlisha. Kwa waliokwisha kumaliza maswali yote tisa, wewe toa 9 kwenye jumla ya kila mmoja. Baada ya hapo soma kama ilivyokusudiwa: 5 hadi 9 ni dalili ndogo, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 nzito kiasi, 20 na kuendelea nzito. Fundi asikushawishi kuhamisha majibu yaende kwenye vitufe 0 hadi 3 ili kukwepa hesabu hiyo. Watu wengi wamezoea kwamba 0 ni ya kumwita mhudumu, na mifumo mingine imekwisha kuipangia kazi hiyo.

Kengele iwashwe leo hiihii, mara tu hesabu ikirekebishwa. Kanuni yake isitegemee jumla: jibu lolote la swali la 9 linalozidi 0, hata kama jumla yote ni 1, liite mtu. Pia jibu lihifadhiwe pale kitufe kinapobonyezwa, si mwisho wa simu. Mfumo wako wa sasa unasubiri kijana amalize CRAFFT ndipo uandike. Maana yake, kijana anayebonyeza "karibu kila siku" kwenye swali la 9, akashikwa na woga akakata, hayupo popote. Huyo ndiye uliyewekea mashine hii.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, nikiwa na sababu. Kuuliza swali la kujidhuru saa nane usiku kisha kusoma jibu Jumatatu hakukubaliki, hata kidogo. Simu ifanye kazi saa zile tu ambazo kuna mtu wa zamu mwenye simu mkononi, anayejua la kufanya. Kama mna saa tatu kwa siku, basi mashine ifanye kazi saa tatu kwa siku. Nje ya hapo anayepiga asikie ujumbe mfupi wa saa za huduma na namba ya dharura inayopokelewa usiku na mchana.

Kijana akijibu zaidi ya sifuri kwenye swali la 9, mashine isiendelee na swali la pombe kana kwamba hakuna kilichotokea. Iseme, kwa sauti ileile: "Asante kwa kuniambia. Nakuunganisha sasa hivi na muuguzi. Tafadhali usikate simu." Iite simu ya kwanza ya zamu kwa sekunde 20, kisha ya pili. Zote zisipopokelewa, imwambie ukweli kwamba atapigiwa punde, impe namba ya dharura, na itume kengele ya mkazo kwa watu wawili kwa pamoja. Atakayempigia awe mtu, ndani ya dakika chache. Na simu ikipokelewa na mtu mwingine, huyo mpigaji ajitambulishe kwa jina lake tu, aombe kuongea na kijana, asitaje sababu.

Wewe au mwenzako mkishampata, msitegemee swali la 9 peke yake, kwa sababu limechanganya mawazo ya "bora nisingekuwepo" na mawazo ya kujiumiza. Chombo kizuri cha hatua hii ni ASQ, kilichotengenezwa na taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani. Kina maswali 4 ya ndiyo na hapana: kama wiki chache zilizopita ametamani afe, kama amehisi yeye au familia yake wangekuwa na nafuu asingekuwepo, kama wiki iliyopita amewaza kujiua, na kama amewahi kujaribu. Yakipata "ndiyo" hata moja, unauliza la tano: je, sasa hivi una mawazo ya kujiua? Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, atafutwe mtu mzima anayeaminika wa kukaa naye, vitu vya hatari viondolewe karibu yake, na apelekwe kuonwa na mtaalamu siku hiyohiyo. Muulize kwa maneno ya wazi. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, na kuzungukazunguka humfanya aone hata wewe unaogopa jibu.

Kuna watakaokushauri ufupishe kwa kuanza na PHQ-2, yale maswali mawili ya kukosa hamu na kuwa na huzuni, yenye alama 0 hadi 6, kisha uendelee na wale wenye 3 au zaidi tu. Kwa sonona ni njia inayotumika. Lakini ukiitumia, swali la kujidhuru libaki kwa kila mmoja, maana wapo wanaopita mlango wa PHQ-2 wakiwa na mawazo hayo.

Vijana kukata simu kwenye swali la tatu au la nne si lazima iwe aibu. Yale ni maswali ya usingizi, uchovu au hamu ya kula, hayamfukuzi mtu. Nadhani ni muda. Simujanja ikiwekwa sikioni skrini huzima. Ili kujibu, kijana lazima aitoe sikioni, afungue kibodi ya namba, atafute kitufe, abonyeze, airudishe sikioni. Kama mfumo unasubiri sekunde 3 pekee, anachelewa, anasikia "hatujapata jibu lako", swali linaanza upya, anachelewa tena. Mifumo mingi imepangwa ikate baada ya makosa matatu, na mara nyingi hesabu hiyo haianzi upya kwa kila swali. Ndiyo inakwisha kwenye la tatu au la nne. Mwambie fundi asubirishe sekunde 8, makosa yahesabiwe kwa kila swali peke yake, na badala ya kukata, baada ya kosa la tatu mashine iseme "tutaendelea na swali linalofuata" na iandike kwamba jibu halipo. Isiandike 0. Swali la 9 likikosa jibu, nalo limwite mtu. Mwanzoni kabisa weka sentensi hii: "Fungua kibodi ya namba sasa, uiache wazi. Ukitaka kusikia swali tena, bonyeza nyota."

Mpangilio wa maneno nao una kazi. Taja jibu kwanza, kitufe baadaye: "Kama ni siku kadhaa, bonyeza 2." Ukisema "bonyeza 2 kama ni siku kadhaa", msikilizaji amekwisha kuisahau 2 wakati anaelewa jibu. Kwenye maswali matatu ya mwanzo soma majibu yote manne kwa ukamilifu, kisha ruhusu anayeyakumbuka abonyeze kabla sauti haijamaliza. Itapunguza dakika nzima. Isipokuwa swali la 9: hapo kubonyeza mapema kuzimwe, kwa sababu aliyebonyeza 1, 1, 1 kwa mazoea ataipitisha 1 ya nne bila kusikia alichoulizwa. Swali la 8, la kwenda polepole mno au kinyume chake kutotulia, ndilo gumu kwa sikio, maana lina mambo mawili yanayopingana ndani yake. Lisomwe taratibu, na pumziko katikati.

Kuruka maswali mawili kwa kitufe kimoja ni hitilafu ya mitambo, vijana hawana kosa. Kila kitufe cha simu kinatoa milio miwili kwa pamoja, wa chini na wa juu; 5, kwa mfano, ni 770 Hz na 1336 Hz. Simu ikipita kwenye intaneti, mlio huo unaweza kufika kama sauti, na wakati huohuo kama ujumbe wa kidijitali wa "kimebonyezwa 5". Mfumo uliopangwa kusikiliza njia zote mbili unahesabu mara mbili, na ile ya pili inajibu swali linalofuata. Kinyume chake pia hutokea: kama sauti inabanwa kwa kodeki ya G.729, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, milio inaharibika na kitufe hakisikiki kabisa. Mwambie fundi achague njia moja, ile ya ujumbe kwa utaratibu wa RFC 4733, atumie G.711 kwa sauti, na kabla ya kila swali afute vitufe vyote vilivyobaki kwenye foleni. Hili la kufuta foleni lisisahaulike. Ndilo linalomzuia kijana mwenye kidole chepesi kujibu swali ambalo hajalisikia.

Rekodi zisomwe na mtu mmoja mwenye sauti ya kijana mkubwa, tulivu, asiyehukumu. Laini ya kawaida ya simu hupitisha kati ya 300 na 3400 Hz tu, kwa hiyo herufi kama "s" na "f" zinafifia. Sikiliza kila rekodi kupitia simu, usiridhike nayo kwenye kompyuta. Tafsiri itoke kwenye toleo lililopimwa kwa lugha ya vijana wako. Usikubali iliyotungwa ofisini.

Sasa yule mama. Hana kosa, alipigiwa simu akapokea. Kosa ni la mfumo kuanza kuuliza kabla ya kujua nani yuko upande wa pili. Kama simu inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, ni bora kijana apige mwenyewe akipata nafasi, kwenye namba isiyomgharimu, kuliko mashine kumwinda. Akiwa kliniki, mpe kijana namba ya siri ya tarakimu 4, na hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwani mzazi anaujua. Bila namba hiyo, anayepokea au kupiga asikie tu salamu za huduma ya afya na saa za kazi, bila neno bangi wala sonona. Meseji ya kumkumbusha nayo isitaje kitu. "Tunakukumbusha kupiga simu kabla ya Ijumaa" inatosha.

Akishaingiza namba ya siri, aulizwe kama yuko mahali ambapo hakuna anayesikia, na kama spika ya simu imezimwa. Akisema hapana, simu iishe kwa upole na asihesabiwe kwamba amekataa. Uzuri wa vitufe ni kwamba aliyekaa kando haelewi 2 ni nini, mradi haisikii sauti. Kwa sababu hiyohiyo mashine isirudie majibu yake kwa maneno ("umesema karibu kila siku"). Weka pia kitufe cha kujificha: akibonyeza 9 wakati wowote, isipokuwa anapoulizwa idadi ya siku, sauti ihamie kwenye maelezo ya kawaida ya afya, tuseme umuhimu wa kulala mapema, na majibu yaliyokwisha kutolewa yabaki salama. Mfundishe kitufe hicho akiwa kliniki, usikitangaze ndani ya simu.

Mwulize fundi pia kama simu zinarekodiwa. Baadhi ya mifumo hurekodi kila simu bila kuambiwa, na milio ya vitufe iliyomo kwenye rekodi inaweza kusomwa ikawa namba tena. Kwa maneno mengine, aliyeshika rekodi ameshika majibu yote pamoja na namba ya siri. Uzimwe urekodi huo. Jedwali liwe na namba ya utambulisho, na orodha ya majina ikae mahali pengine.

Usimwahidi kijana siri isiyo na mipaka, kwa sababu huwezi kuitunza. Mwambie kabla ya swali la kwanza: "Majibu yako yatasomwa na wauguzi wa kliniki peke yao. Lakini ukituonyesha kwamba maisha yako yako hatarini, tutamshirikisha mtu mzima wa kukusaidia, na tutakuambia kabla." Umri wa kijana kutoa ridhaa bila mzazi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na wakati mwingine kati ya huduma na huduma. Pata mwongozo wa maandishi kutoka kwa wanaowasimamia kabla ya kuendelea. Mama yule naye muite, umweleze kwamba maswali hayo huulizwa vijana wote, na umwombe radhi kwa namna simu ilivyomfikia. Majibu ya bintiye yasimamiwe na ridhaa na sheria hizohizo. Hasira yake isiwe ufunguo wa kuyafungua.

CRAFFT kwa simu ina mtego wake. Toleo la 2.1, kwa vijana wa miaka 12 hadi 21, linaanza kwa kuuliza ni siku ngapi katika miezi 12 iliyopita alikunywa pombe, alitumia bangi, alitumia kingine chochote cha kulevya. Jibu linaweza kuwa na tarakimu hadi tatu, kwa hiyo mashine haijui kama 1 ndiyo mwisho au anaelekea 12. Mwambie amalizie kwa alama ya reli (#), lakini kwa kuwa wengi husahau, mashine ikubali pia baada ya sekunde 5 za kimya, na ikatae chochote kinachozidi 365. Akijibu 0 kwa zote, anabakiziwa swali moja tu, la kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa au aliyetumia dawa, hata kama dereva ni yeye mwenyewe, kisha simu inaisha. Asiye na sifuri zote anaulizwa maswali yote sita. Kila "ndiyo" ni alama 1, na kuanzia 2 anahitaji kuonwa. Kama mashine yako inamuuliza kila mtu yote sita, ndiyo maana simu inafika dakika 12.

Swali la ukatili wa nyumbani usiliingize kwenye simu hii hata ukiombwa. Anayemtesa anaweza kuwa ndiye mwenye simu. Hilo, pamoja na mambo ya nyumbani, shule na mahusiano, lisubiri mazungumzo ya ana kwa ana, kwa mpangilio wa HEADSS ambao wahudumu wa vijana wanautumia tangu 1988: unaanza na yasiyouma, unaelekea kwenye yanayouma.

Hata baada ya matengenezo, si kila atakayeitwa atakuwa mgonjwa. Chukua mfano wa vijana 200, kati yao 20 wana tatizo, na chombo kinachokamata 90 kwa 100 ya wenye tatizo na kuwapitisha salama 90 kwa 100 ya wasio nalo. Kitawakamata 18 kati ya wale 20. Lakini kati ya 180 wasio na tatizo, kitawataja 18 pia. Una vijana 36 wa kuongea nao, na nusu yao wako sawa. Ukitenga nusu saa kwa kila mmoja, hizo ni saa 18 za kazi. Anza na saa mlizonazo, ndipo uamue mashine ipige simu ngapi kwa wiki. Na neno "sonona" lisiandikwe kwenye faili la kijana kwa sababu ya alama za simu. Liandikwe baada ya mtaalamu kuongea naye.

Kuhusu kurudi kwenye karatasi, hisia yako ina ushahidi. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Charles Turner na wenzake uliofanywa kwa wavulana wa miaka 15 hadi 19 nchini Marekani. Waliosikiliza maswali kwa vipokea sauti na kujibu kwenye kompyuta walikiri mambo ya ngono, dawa za kulevya na ukatili zaidi ya waliojaza karatasi. Ile ilikuwa kompyuta, hii ni simu, lakini kinachofanya kazi ni kilekile: hakuna uso unaomtazama, hakuna mwandiko wa kutambuliwa, na hahitaji kujua kusoma vizuri. Ningeuweka mfumo huu, lakini ningeusimamisha mpaka upite majaribio yafuatayo, na siku mtakazokuwa mmesimama, waulizeni vijana kwa karatasi wakiwa kliniki.

Majaribio ni simu tano, wewe mwenyewe ukijifanya kijana, fundi akiwa pembeni na jedwali wazi. Ya kwanza, bonyeza 1 kwa maswali yote tisa: lazima usome 0, na kengele iwe kimya. Ya pili, bonyeza 4 kwa yote: lazima usome 27, na kwenye swali la 9 uunganishwe na wa zamu. Ya tatu, 1 kwa yote isipokuwa 2 kwenye swali la 9: jumla iwe 1, na kengele ilie. Ya nne, bonyeza 3 kwenye swali la 9 kisha ukate papo hapo: jibu lionekane kwenye jedwali, na mtu wa zamu akupigie. Ya tano, mwombe mwenzako asiyejua namba ya siri apokee simu, akueleze alichosikia. Zipigwe zote kwa simujanja, kisha zote tena kwa simu ya vitufe. Fundi akibadilisha chochote baadaye, hata rekodi ya swali moja, zirudiwe zote kabla mashine haijampigia kijana yeyote.